Kilo si lita: kuanza na dashibodi za data

Swali ambalo nimeulizwa kuliko mengine yote siku hizi ni hili: "Nataka kuanza kutengeneza dashibodi za data. Nianze na programu gani, Power BI au Tableau?" Anayeuliza huwa ni mhasibu, mwalimu, mwenye duka la dawa za mifugo, au kijana aliyemaliza chuo akaona tangazo la kazi ya uchambuzi wa data. Jibu langu huwaudhi kidogo. Nawaambia kwamba programu huja nafasi ya nne au ya tano. Kwanza niambie unataka kujua nini, kisha niambie ni nani atakayeumia ikiwa jibu lako si sahihi.

Hilo la kuumia silisemi ili kutisha watu. Mwaka jana nilitengeneza dashibodi ya chama cha ushirika cha maziwa huko kwetu Nyandarua, ambako mama yangu ni mwanachama, na kazi ya mtu mmoja ilikuwa inaning'inia juu yake. Nitawaeleza ilivyokwenda. Nadhani anayeanza atapata humo mengi kuliko nikimwandikia orodha ya vitufe vya kubonyeza.

Lakini tuyaondoe majina njiani kwanza. Kwa Kiingereza fani hii inaitwa business intelligence, na ukiitafsiri kwa haraka unapata "ujasusi wa biashara", kana kwamba unamchungulia jirani dukani kwake. Siyo hivyo. Hans Peter Luhn, mtafiti wa IBM, aliandika makala kuhusu mfumo wa jina hilo mwaka 1958. Aliwaza mashine itakayozipitia nyaraka na kumpelekea kila mtu kazini zile zinazomhusu. Mwaka 1989 Howard Dresner akalifufua jina hilo kwa maana tunayoitumia sasa, yaani vyombo vyote vya kumsaidia mtu kuamua kwa takwimu badala ya kukisia. Mimi husema tu "kuuliza data". Mengine ni mapambo ya wauzaji.

Na dashibodi je? Kila aliyewahi kukaa kiti cha mbele kwenye matatu anaijua. Zamani kabisa ilikuwa ubao uliowekwa mbele ya gari la kukokotwa na farasi ili kuzuia matope yanayorushwa na kwato. Magari ya injini yalipokuja ubao ukabaki, na vipimo vikapata mahali pa kukaa. Dashibodi ya data ni ukurasa mmoja unaofanya kazi ile ile: unaufungua, unatupa jicho, unajua hali. Mtazame dereva wa matatu. Anaangalia mwendo, mafuta na joto la injini. Hana vipimo hamsini, na akiwa navyo atagonga mti akivisoma.

Sasa twende Nyandarua.

Chama chenyewe kinafanya kazi hivi. Wakulima huleta maziwa asubuhi na jioni kwenye vituo vya kando ya barabara. Karani wa kituo ana mizani ya kuning'iniza. Anapima kwa kilo, anaandika kwenye kitabu chake na kwenye kadi ya mwanachama. Malori matatu yanapita njia tatu, yanakusanya, yanapeleka kiwandani. Huko maziwa hupita kwenye mita, na dereva anarudi na hati inayosema kiwanda kimepokea kiasi gani. Mwisho wa mwezi kiwanda hulipa chama, chama kinawalipa wakulima.

Kamati ilikuwa imeona jambo kwenye daftari la mhasibu. Maziwa yaliyopokelewa vituoni yalikuwa mengi kuliko yaliyofika kiwandani, kila siku iendayo kwa Mungu, kwa njia zote tatu. Njia ya tatu ndiyo iliyoongoza. Minong'ono ikaanza kwamba dereva wa njia ya tatu anauza maziwa njiani. Kufikia wakati nilipoitwa, mazungumzo hayakuwa tena kama anaiba, ila kama akatwe mshahara kwanza au afukuzwe moja kwa moja.

Mwenyekiti ni mzee aliyenijua tangu navaa kaptula. Alinipigia simu akasema, "Kijana wangu, wewe ni mtu wa kompyuta. Tutengenezee kitu cha kuonyesha wizi huu kwa picha, tukiweke ukutani siku ya mkutano mkuu."

Angalia vizuri ombi hilo, maana utalikuta kila mahali, hata kwenye maofisa makubwa ya Nairobi yenye zulia. Mtu anakuja na jibu mkononi na anataka picha ya jibu hilo. Nikamwambia, "Mzee, picha nitaleta. Lakini kabla dereva hajaitwa, naomba vitabu vya vituo vya miezi mitatu na hati zote za kiwandani." Alikubali shingo upande, kwa sababu mkutano ulikuwa umebaki mwezi mmoja na nusu.

Hatua ya kwanza ni kuliandika swali kama sentensi kamili. Hapa ninapokazia ni neno kuandika. Kulibeba kichwani hakutoshi. Letu lilikuwa: je, maziwa yaliyopokelewa vituoni ni sawa na yaliyofika kiwandani, kwa kila njia na kila siku? Ukishaliandika, lichambue neno kwa neno. "Maziwa" kwa kipimo gani? "Njia" inajulikanaje, kwa lori au kwa vituo? Na "siku" ni ipi? Hilo la siku lilitukalisha nusu saa na karani mkuu. Maziwa ya jioni ya tarehe 4 hayaendi kiwandani tarehe 4. Yanalala kituoni, yanapanda lori la asubuhi ya tarehe 5 pamoja na ya asubuhi hiyo. Ukilinganisha tarehe 4 ya kitabu na tarehe 4 ya hati, unalinganisha vitu viwili ambavyo havijawahi kukutana. Kwa hiyo tukaunda safu mpya tukaiita siku_ya_lori, na kila pokezi la jioni likasogezwa mbele siku moja.

Halafu ndipo data yenyewe. Vijana wawili waliomaliza kidato cha nne walinakili vitabu kwa wiki mbili, mimi nikilipa chakula cha mchana. Kanuni niliyowapa ni moja: tukio moja, mstari mmoja. Mwanachama fulani, kituo fulani, asubuhi au jioni, kilo kadhaa. Basi. Watu wengi wakifungua lahajedwali huchora kitu kinachofanana na ubao wa shule. Tarehe zinapita juu, majina yanashuka pembeni, jumla iko chini, na seli za njano ni za "wale ambao hawajalipwa". Kwa macho inapendeza. Kwa kompyuta ni uji. Haiwezi kuuliza "njano ngapi", na ile jumla ya chini itahesabiwa kama mkulima mmoja mwenye ng'ombe elfu.

Ukitaka kulielewa jambo hili kwa kina tafuta kazi za Ralph Kimball, hasa kitabu chake cha 1996, The Data Warehouse Toolkit. Kwa ufupi, anatenganisha majedwali ya aina mbili. Moja ni la matukio, yaani yaliyotokea na yanayohesabika: kilo, lita, shilingi. Nyingine ni la maelezo: mwanachama huyu ni wa kituo gani, kituo hiki kiko njia ipi. Sisi tulikuwa na majedwali mawili ya matukio, mapokezi na kiwanda, na mawili ya maelezo, wanachama na vituo. Manne tu. Chama kizima cha wakulima kilienea ndani ya majedwali manne.

Kusafisha ndiko kunakokula muda, na hakuna anayekuonyesha kwenye video. Nambari za uanachama kama 0457 zilipoingia kwenye lahajedwali zilipoteza sifuri ya mbele zikawa 457, kwa sababu programu ilidhani ni hesabu. Dawa ni kuifanya safu hiyo kuwa ya maandishi kabla ya kunakili. Tarehe zikagombana. Kompyuta moja ilikuwa imewekwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza, hivyo tarehe 5 mwezi wa 3 ikageuka tarehe 3 mwezi wa 5. Ubaya wa hitilafu hiyo ni kwamba haipigi kelele. Tarehe 25 itakataa, utaiona, lakini tarehe zote za 1 hadi 12 zitapita kimya kimya. Andika mwaka kwanza, mwezi, siku, kama 2024-03-05, na ugomvi umekwisha.

Kuna na hili ambalo hutalikuta kwenye vitabu vya Wamarekani. Baadhi ya makarani walikuwa wanaandika saa lori lilipofika, kwa saa zetu. 1:20, 1:45, 2:05. Kompyuta ikasoma kwamba maziwa ya Nyandarua huchukuliwa usiku wa manane. Ukikutana na data ya vijijini kwetu, muulize aliyeandika kama saa yake inaanza kuhesabu alfajiri au usiku, kisha uongeze saa sita panapohitajika. Nilicheka, lakini hiyo safu nikaiweka pembeni kwa heshima. Tutairudia.

Programu sasa, maana najua ndiyo mliyoijia.

Kama una Excel ya 2016 au mpya kuliko hiyo, tayari unayo Power Query ndani yake, na kwa kusafisha data ni chombo kizuri mno. Inakumbuka kila hatua, hivyo mwezi ujao unaweka faili jipya na hatua zinajirudia zenyewe. Power BI Desktop inatumia Power Query hiyo hiyo. Unaipakua bure, ila inakaa kwenye Windows tu, na ukitaka kushirikiana na wenzako ofisini kwa njia yao ya kawaida utaombwa leseni ya kulipia. Tableau, iliyonunuliwa na Salesforce mwaka 2019, inachora vizuri kupita zote kwa maoni yangu. Lakini toleo lake la bure, Tableau Public, limetengenezwa kwa ajili ya kuchapisha mbele ya ulimwengu. Jifunzie humo na takwimu za sensa. Usiweke humo orodha ya wateja wako. Google nao walileta Data Studio mwaka 2016 wakaibadilisha jina kuwa Looker Studio mwaka 2022. Hiyo inafaa kama data yako imeshakaa kwenye majedwali ya Google.

Upande wa programu huria kuna Apache Superset, iliyoanzia Airbnb mwaka 2015, yenye nguvu lakini inataka mtu mwenye subira na seva. Na kuna Metabase, ambayo toleo lake huria halilipiwi. Mimi nilichagua Metabase kwa sababu tatu zisizo za kifalsafa hata kidogo. Ofisi ya chama ina kompyuta moja kuukuu yenye Linux, intaneti hukatika mvua ikinyesha, na karani mkuu aliweza kuuliza maswali yake mwenyewe kwa kubonyeza, bila kujua SQL. Ukiwa na Java ndani ya mashine unaandika java -jar metabase.jar, unafungua kivinjari kwenye localhost:3000, na umeshaingia. Onyo moja tu: ikianza huhifadhi mambo yake kwenye hifadhidata ndogo ya H2, ambayo ni ya majaribio. Kwa kazi ya kweli ihamishie kwenye PostgreSQL mapema. Data yenyewe ya maziwa tuliiweka PostgreSQL tangu siku ya kwanza.

Turudi kwa dereva wetu, ambaye wakati huu wote alikuwa anaendesha lori huku watu wakimtazama kwa jicho la pembeni.

Nina desturi kwamba kila safu ya namba lazima ibebe kipimo chake ndani ya jina lake. Siandiki "kiasi". Naandika kilo, au lita, au shilingi. Nilipokuwa naunda jedwali la mapokezi nikaandika kilo, kwa sababu mizani ya kituoni inasoma kilo. Nilipofika jedwali la kiwanda nikamuuliza karani mkuu, "Mita yao inasoma nini?" Akasema lita. Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Kisha akaamka akaenda kabatini akaleta laktomita.

Kama hujaiona, ni kidude cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa ili kujua kama yameongezwa maji. Maziwa halisi ya ng'ombe hufanya laktomita isome kati ya 28 na 32 hivi. Na hiyo 30 inayoandikwa kila asubuhi maana yake ni kwamba lita moja ya maziwa hayo ina uzito wa kilo 1.030. Maziwa ni mazito kuliko maji. Karani alikuwa na jibu la kitendawili ndani ya kabati lake, na alikuwa analiandika kwa mkono kila siku kwenye kitabu kingine.

Piga hesabu. Lori likibeba kilo 2,060, hizo ni lita 2,000 kamili. Kwenye daftari la mhasibu, ambako safu zote mbili ziliitwa "maziwa", zinaonekana 2,060 zimeingia na 2,000 zimefika. Pengo la 60 kwa siku. Kwa siku 30 ni 1,800, na kwa bei ya shilingi 50 hiyo ni shilingi 90,000 ambazo mtu anaitwa kuzieleza. Hakuna aliyeiba hata kikombe. Ni fizikia.

Sasa swali kwa SQL, kwa wale mnaopenda:

WITH m AS (
  SELECT siku_ya_lori, njia, SUM(kilo) / 1.03 AS lita_vituoni
  FROM mapokezi GROUP BY siku_ya_lori, njia
), k AS (
  SELECT siku_ya_lori, njia, SUM(lita) AS lita_kiwandani
  FROM kiwanda GROUP BY siku_ya_lori, njia
)
SELECT m.siku_ya_lori, m.njia,
  m.lita_vituoni - k.lita_kiwandani AS pengo
FROM m LEFT JOIN k
  ON m.siku_ya_lori = k.siku_ya_lori AND m.njia = k.njia;

Mambo mawili hapo yana sababu. Kila jedwali limejumlishwa peke yake kabla ya kuunganishwa. Ukiunganisha mapokezi ya wakulima mia moja na hati moja ya kiwanda moja kwa moja, hati hiyo itajirudia mara mia moja, na jumla yako itaonyesha kwamba chama kimeuza bahari. Programu haitakuambia. Itakuchorea grafu nzuri kabisa ya uongo. Pili, nimetumia LEFT JOIN ili siku ambayo hati imepotea ionekane tupu badala ya kutoweka. Siku iliyotoweka ni hatari kuliko siku tupu.

Nikachora mistari mitatu, njia tatu, siku zikienda kulia, na mstari wa sifuri katikati. Njia ya kwanza na ya pili zikalala juu ya sifuri kama mbwa mbele ya moto, zikipanda na kushuka lita chache tu. Njia ya tatu ililala nazo siku nyingi, kisha ghafla ikaruka. Siku 11 ndani ya miezi mitatu iliruka. Na ilirukaje! Lita 50 hivi, au 100 hivi. Haikuwa 17, wala 34.

Hapa ndipo ninapoipenda kazi hii. Jumla ya mwezi isingeonyesha kitu hicho kamwe. Wastani ungeonyesha "njia ya tatu inapoteza kidogo kila siku", ambayo ndiyo sura ya mwizi mwenye adabu. Lakini mstari wa siku kwa siku ulisema jambo lingine kabisa, kwamba kinachopotea ni mkebe mzima. Mkebe wa maziwa kule kwetu ni wa lita 50.

Karani mkuu aliona kabla sijasema. "Hiyo ni mikebe iliyokataliwa." Kiwandani kila mkebe hupimwa kwa alkoholi kabla ya kumiminwa. Maziwa yaliyoanza kuharibika hugandamana na mkebe unarudishwa. Hati ya kukataliwa ni karatasi tofauti, ya rangi ya waridi, na ilikuwa inakwenda kwenye faili la mkaguzi wa ubora. Mhasibu hakuwahi kuiona. Tukalifungua faili. Kati ya zile siku 11, siku 9 zilikuwa na karatasi ya waridi yenye muhuri wa kiwanda na idadi ya mikebe iliyolingana na pengo. Siku 2 hazikuwa na karatasi.

Hizo mbili nilizichora kama zilivyo. Kuna mjumbe wa kamati aliyeniambia nizifute ili "mambo yaishe vizuri", na kuna mwingine aliyetaka zipakwe rangi nyekundu. Sikufanya lolote kati ya hayo mawili. Nyekundu kwenye dashibodi ni hukumu. Mtu akiiona hasomi tena namba, anatafuta wa kulaumiwa. Mimi huitumia pale tu watu wamekubaliana kabla, kwa maandishi, kwamba ikifika kiwango fulani tutafanya kitu fulani. Bila makubaliano hayo, kijivu kinatosha. Siku mbili zikabaki za kijivu zenye neno "hati haijapatikana".

Kuhusu sura ya ukurasa sina mengi. Mstari kwa mambo yanayokwenda na wakati, mihimili kwa kulinganisha, na mihimili ianzie sifuri. Mihimili hii alishaichora William Playfair mwaka 1786 na hatujapata bora zaidi. Zile saa za mviringo zenye mshale zinazojaa kwenye matangazo ya programu hula nafasi na kukupa namba moja. Stephen Few alishazipiga vita mwaka 2006 kwenye kitabu chake kuhusu usanifu wa dashibodi, na bado zinauzwa. Ukurasa wetu ulikuwa na vitu vinne: pengo kwa siku, mikebe iliyokataliwa kwa njia, lita kwa wiki, na namba ya siku zisizo na hati. Wakulima walitaka pia kila mtu aone cha mwenzake. Nilikataa. Nambari za simu na za vitambulisho hazikuingia kabisa, na kilo za mtu mmoja mmoja zinaonekana kwa karani tu. Tangu 2019 Kenya ina sheria ya kulinda data za watu, na haibagui kati ya benki na chama cha maziwa.

Na msidhani dashibodi ni mambo ya benki na maduka makubwa. Kenya ilianza kutumia DHIS2, mfumo huria uliokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, kwa takwimu za afya nchi nzima mwaka 2011. Muuguzi wa zahanati anayejaza fomu ya mwezi yuko kwenye fani hii, hata kama hakuna aliyemwambia.

Mkutano mkuu ulifanyika kanisani, kwa sababu ofisi haitoshi. Mwenyekiti ndiye aliyesimama mbele ya projekta, na alieleza habari ya kilo na lita vizuri kuliko ningeweza mimi. Alileta laktomita na ndoo. Hakumtaja dereva kwa jina wala kwa njia. Alisema tu kwamba kuna maneno yalisemwa na hayatasemwa tena. Mama aliniambia baadaye kwamba watu waliokuwa wamekaa mbali na mke wa dereva walianza kusogea polepole.

Kisha mkulima mmoja wa nyuma akauliza swali lililotuacha na kazi mpya. "Sawa, hakuna wizi. Lakini kwa nini mikebe inayokataliwa ni ya njia ya tatu tu?"

Njia ya tatu ndiyo ndefu kuliko zote, na vituo vyake vya mwisho havina mtambo wa kupoza. Maziwa ya jioni hulala pale hadi lori lifike. Kama linafika saa moja au saa tatu ni tofauti kati ya maziwa na hasara, lakini hatuwezi kuonyesha hilo kwa data tuliyonayo, maana ni vituo vichache tu vilivyokuwa vinaandika saa. Ndiyo ile safu niliyoiweka pembeni. Kwa hiyo sasa kila kituo cha njia ya tatu kina fomu mpya yenye safu ya saa ya kufika na saa ya kuondoka, na kisanduku cha kuchagua asubuhi au jioni ili saa moja yetu isigeuke saa moja ya usiku ya kompyuta. Dereva mwenyewe ndiye aliyeomba fomu hiyo iwe na nafasi ya sahihi yake kwenye kila kituo.